Nilivyopeleka posa kwenye chuo cha Marekani: wakili wa Amu na LLM ya biashara ya kimataifa

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine nawasalimu kwa salamu yenu.

Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu. Nachukua ushauri wa watu, naondoka bila hata kubonyeza like. Leo zamu yangu imefika.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Lau ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kidogo, kwa sababu humu ndani mote hakuna mahali ninapoonekana mwenye akili.

Uzi ni mrefu. Chukueni kahawa.

Mimi ni wakili, naishi Amu, huo mji ambao nyinyi mnauita Lamu. Ofisi yangu iko ghorofani, nyuma kidogo ya barabara ya pwani. Ngazi zake ukizipanda bila kushika ukuta utafika juu tayari una kesi ya kudai fidia.

Kazi zangu ni mirathi, talaka, ukuta wa jirani ulioingia kwa jirani, na punda.

Msicheke. Punda akimwangushia mtu mzigo wa vigae, lazima apatikane wa kulaumiwa, na punda mwenyewe haitwi mahakamani.

Sasa, ng'ambo upande wa bara kumejengwa bandari kubwa. Makaratasi yake yanakwenda kwa mawakili wa Nairobi. Hawa wanashuka uwanja wa Manda na ndege ya asubuhi, wanavuka kwa boti, wanasaini, wanakula kamba wetu, wanarudi na ndege ya jioni. Mimi huwaona kutoka dirishani wakikokota mabegi ya magurudumu juu ya mawe yetu, na wivu unanipanda hadi kooni. Nasema wivu kwa sababu ni wivu. Mke wangu Khadija anauita hivyo hivyo, hatafuti neno la kistaarabu.

Kilichonimaliza kabisa ni kikundi cha Siyu.

Siyu, kijiji cha kisiwa cha jirani, wako mafundi wa viatu vya ngozi, wazuri sana. Wakapata mnunuzi wa nje, wakatuma mzigo, mzigo ukazuiliwa forodhani huko ulikokwenda kwa sababu ya cheti cha asili ya bidhaa. Mwakilishi wao, Bi Mwanaisha, akaja ofisini kwangu.

"Bwana Wakili," akaniuliza, "hawa watu watakani hasa? Wataka ng'ombe awe wa hapa, au mshonaji awe wa hapa?"

Wakuu, hilo ni swali halali kabisa la sheria ya biashara ya kimataifa. Nikamwambia, "Nitaliangalia."

Hilo ndilo neno wakili analosema akiwa hajui hata pa kuangalia.

Bi Mwanaisha akasema "Haya, twangoja", akaondoka. Mzigo ulirudi baadaye na nusu ya viatu vimeota ukungu. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu, na bado.

Basi nikaamua. Nakwenda Marekani kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, upande wa biashara ya kimataifa.

Mnaouliza kwa nini Marekani na si Uingereza au Uholanzi, nina jibu refu la kitaalamu ambalo niliwaandikia wadhamini. Jibu fupi ni kwamba Otieno alikuwa anaomba Marekani. Otieno nilisoma naye chuoni, sasa yuko Nairobi, na tangu tuko mwaka wa kwanza akinunua kitu na mimi nakitaka.

Wadhamini nikawapata. Kuna mfuko fulani wa masomo, siutaji jina, ulikubali kunilipia kila kitu kwa sharti moja: niwapelekee barua ya kukubaliwa na chuo kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo mjue tangu sasa, kila kitu kilisimama juu ya barua hiyo moja. Bila barua, narudi kwa punda.

Nikaanza kuchagua chuo.

Hapa wale wanaotafuta LLM wasome vizuri, maana ndipo penye faida kidogo katika uzi huu.

Mwanzo nilichagua kama anavyochagua kila mshamba, yaani kwa picha. Chuo kimoja kiko jimbo la pwani huko kusini, minazi, mchanga mweupe. Nikakipenda papo hapo. Otieno akaniuliza kwa simu kama nakwenda kusoma au nahamia ufuo mwingine wa Shela.

Nikaona aibu, nikasoma orodha ya kozi. Kozi za biashara zilikuwa mbili tu. Zilizobaki zilikuwa sheria za kawaida za Marekani zimevishwa kanzu ya kimataifa.

Chuo cha pili kiko kaskazini, kando ya ziwa linaloganda. Huko yuko profesa aliyewahi kukaa kwenye mabaraza ya kuamua migogoro ya biashara kati ya nchi na nchi. Darasa dogo. Nilimwandikia mwanafunzi mmoja wa huko, akanijibu kwa upole kwamba profesa ni mzuri, ila mwaka ule yuko likizo ya utafiti na kozi zake hazifundishwi.

Shikeni hilo. Kozi kuwemo kwenye brochure haina maana inafundishwa mwaka wako. Ulizeni.

Cha tatu kiko mji mkuu. Wengi wa walimu wake ni mawakili wanaofanya kazi hizo hizo mchana, jioni wanakuja kufundisha: ushuru wa forodha, bidhaa zinazouzwa nje kwa bei ya kutupwa, udhibiti wa bidhaa zinazotoka nchini. Halafu wana kliniki, yaani wanafunzi wanawasaidia wafanyabiashara wadogo wa nchi za nje ambao mizigo yao imekwama.

Niliposoma habari ya hiyo kliniki nilimwona Bi Mwanaisha amekaa mbele yangu. Nikajua ni hapo.

Mpaka hapa, wakuu, nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Kumbukeni hivyo mnavyoendelea kusoma.

Nikaenda kwa Ami Athman kupata baraka.

Ami Athman ni ndugu wa marehemu baba yangu. Ana duka la vipuri vya mashine za boti, lakini kazi inayompa heshima mjini ni ya uposaji. Katika ukoo wetu hakuna posa iliyokwenda nyumba ya watu bila yeye kuwa mbele, kilemba kichwani na bakora mkononi. Hata mimi mwenyewe, yeye ndiye aliyeniposea.

Tukakaa dakani kwake, pale penye mabaraza ya mawe kabla hujaingia ndani, nikamweleza. Akasikiliza kama anavyosikiliza habari za binti wa watu.

"Watu wake ni nani?" akauliza.

Nikamweleza walimu.

"Jirani zake?"

Nikamweleza zile ofisi za serikali zilizo karibu.

"Wako Waislamu?"

Wako, Ami, na msikiti uko.

Akaridhika. Halafu nikateleza nikataja kwamba Otieno ameomba vyuo vinane kwa mpigo, na kwamba huenda na mimi nikaomba hivi vitatu vyote.

Uso wake ulibadilika kama nimemwambia nimeanza kunywa.

"Mwanangu," akasema, "mtu hapeleki posa nyumba tatu kwa siku moya. Zikikukubali zote, hizo nyingine utapita na uso gani mbele ya mlango wao? Ndia ni moya. Bisha hapa kwanda, ungoje jibu. Wakikurudisha, ndipo wenda kwa mwingine."

Kwa wale wa bara: kwetu hilo ni jambo kubwa. Kupeleka posa mbili kwa pamoja ni kutukana nyumba mbili kwa pamoja. Kijana akijulikana amefanya hivyo, hata nyumba ya tatu itamfungia mlango.

Mimi nina digrii, nimekula kiapo cha uwakili, nina intaneti. Nilikuwa najua kabisa kwamba vyuo vya Marekani havina mshipa wa aibu katika jambo hili, vyenyewe vinawaandikia watu elfu na moja.

Lakini damu ilikataa. Kila nikifungua lile ombi la pili nilihisi kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima. Nikasema Otieno ni mtu wa papara, mimi nitakwenda kwa adabu.

Nikaomba chuo kimoja. Kile cha mji mkuu.

Nikatulia kwa adabu. Huku natulia, deadline ya chuo cha ziwa ikapita. Ile ya chuo cha minazi nayo ikapita, niliitazama ikipita kama unavyotazama boti uliyokataa kupanda kwa sababu imejaa.

Tena ilitakiwa iwe siri, maana posa haitangazwi kabla ya jibu. Siri ya Amu mnaijua? Kila mtu anaijua, na wote wanakuheshimu kwa kujifanya hawaijui. Muuza kahawa akawa ananiuliza, "Wakili, mtoto wa watu hajajibu tu?"

Mwezi wa nne email ikaja.

Waliandika kwamba wamevutiwa na ombi langu, kwamba waombaji mwaka huu ni wengi, na kwamba wameniweka kwenye waitlist, yaani orodha ya wanaosubiri. Kulikuwa na aya nyingine mbili chini. Sikuzifikia.

Sikuzifikia kwa sababu tayari niliujua wimbo. Kwetu nyumba haikwambii hapana. Ni utovu wa adabu kumwambia mzee wa watu hapana usoni. Utakaribishwa, utapewa kahawa na halua, utaambiwa, "Tumefurahi, mumetupa heshima. Subirini, tutawarudishia jibu." Wewe mtu mzima unafahamu. Unashukuru, unaondoka na kilemba chako kichwani, na hurudi tena ukawaadhiri watu.

Nikampelekea Ami Athman habari. Akatikisa kichwa pole pole.

"Wamekukataa kwa heshima," akasema. "Ni watu wazima hao."

Kwa kweli tuliwasifu sana siku ile.

Na mimi nikataka nao wajue kwamba wamekataa mtu wa watu. Nikakaa, nikawaandikia jibu.

Wakuu, sijawahi kuandika kitu kizuri kama ile email. Hata pleading zangu, zile hati za madai za Mahakama Kuu, hazijaifikia. Niliwashukuru kwa kunipa nafasi ya kubisha mlangoni kwao. Nikasema mambo yote ni kwa qadari ya Mola. Nikasema sipendi kuwa mzigo kwao wala kuwafanya watafute maneno, kwa hiyo wasijisumbue tena kwa ajili yangu. Nikawaombea heri na baraka, wao na chuo chao na wanafunzi waliobahatika.

Nikabonyeza send. Nikavuta pumzi. Nilijiona nimekua.

Jibu lao lilikuja upesi na lilikuwa fupi: kama ulivyoomba, tumeliondoa ombi lako. Nikaona jinsi walivyoelewana nami, bila maneno mengi. Watu wazima kweli.

Siku chache baadaye Otieno akapiga simu. Yeye alikuwa ameshakataliwa na vyuo vitano, viwili vimemkubali, kimoja kimemweka waitlist, na alikuwa anasimulia yote hayo kama matokeo ya mpira. Nikamwonea huruma. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyepitia makubwa kwamba mimi pia nilipewa waitlist, nikaondoka kwa heshima yangu.

Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao.

"Uliondokaje?" akauliza.

Nikamsomea ile email. Niliisoma kwa madaha, na zile sehemu za qadari nikazitilia sauti.

Otieno alianza kucheka, akaacha, akaniambia kaa chini. Waitlist ni waitlist, bana, akasema. Ni foleni. Watu wanakubaliwa vyuo vingi, wanachagua kimoja, viti vinabaki wazi, wanaitwa walio kwenye foleni. Wewe umetoka kwenye foleni ukiwapigia saluti. Akaniambia nikazisome zile aya mbili.

Nikazisoma. Ya kwanza ilisema kwamba mwaka uliotangulia walichukua watu kutoka kwenye waitlist. Ya pili ilisema kama bado unapenda kuja, tafadhali tuandikie utuambie hivyo.

Sina maneno ya kuchekesha kwa sehemu hii. Nilitaka kile kiti kuliko kitu chochote nilichotaka tangu nimalize chuo, na nilikuwa nimekirudisha kwa mikono yangu miwili huku nikijisifu.

Nikaenda nyumbani.

Khadija alikuwa anakunja nguo za watoto. Nikamwambia yote, hata ya Otieno kucheka. Nilitegemea pole.

"Wao walikwambia hapana, au walikwambia ngoja?" akauliza.

"Ngoja. Lakini kwetu ngoja ni hapana."

"Kwenu nani?" akasema. "Kwenu wanaume."

Akaendelea kukunja nguo. Halafu akaniambia jambo ambalo tumeishi miaka kumi ya ndoa silijui.

Lazima kwanza niwape toleo langu, maana ndilo lililosimuliwa mjini. Ami Athman alikwenda kumposa Khadija kwa ajili yangu. Baba yake akasema subirini. Ami akarudi akatwambia tumekataliwa kwa heshima. Mimi nikasema kila jambo na qadari, nikatembea mjini na uso wa subira, na nyumbani wakaanza kumtaja binti mwingine. Miezi ikapita. Siku moja Ami akasema moyo wake unamtuma arudi tena, akarudi, na safari hii akapewa ndiyo. Mpaka leo husimulia harusini kwa watu jinsi hekima ilivyomshukia.

Toleo la Khadija ni hili.

"Baba hakukataa," akasema. "Baba alikuwa amngoja kaka yangu Swaleh aye kutoka Maskati, hakutaka kutoa jibu bila yeye. Alisema subirini, na maana yake ni subirini. Mama akiuliza kula siku: bado hawayaya? Nami ni ndani nasikia, siwezi kusema kitu. Kisha twasikia mwataja nyumba nyingine. Nilia mpaka mato yakafura."

Nikauliza, basi Ami alirudi vipi?

"Ami yako hakurudi na hekima yoyote. Mamako ndiye aliyekuya, mlango wa nyuma, kajifanya yuaomba yasmini za kutungia kikuba. Akamuuliza mama: kwani mumemkataa kijana wangu? Mama akamwambia: nani alokataa? Basi akenda nyumbani akamwambia Ami yako, rudi ukaulize jibu lako. Akamuacha aamini kuwa ni fikira yake."

Mama yangu amefariki. Hakuwahi kuniambia. Alikaa harusi ngapi akimsikiliza Ami Athman akijisifu, naye anagawa biriani.

Nilimtazama Khadija na zile nguo za watoto mapajani, nikaona mambo yote yaliyomo ndani ya nyumba ile, kelele, viatu vidogo mlangoni, yeye mwenyewe, kwamba yalikaribia kutokuwepo kwa sababu tuliambiwa subirini tukaondoka kwa heshima. Nikalia. Ndiyo, wakili alilia. Andikeni mnavyotaka kwenye comments.

Khadija akasema, "Haya. Wapigie hao watu wako."

Kesho yake alasiri, huko kwao asubuhi, nikapiga. Khadija akakaa kando yangu, kwa sababu haniamini, na ana haki.

Akapokea mama mmoja wa ofisi ya kupokea wanafunzi. Nikajitaja jina. Akasema, ah, ni wewe uliyeandika ile email. Akasema ameisoma kwa wenzake wote, na kwamba katika kazi yake hajapata kuona mtu anajiondoa vizuri namna ile.

Nikamwambia sikuwa na nia ya kujiondoa. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha mahakamani, habari ya posa, Ami Athman na subirini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anasikitika sana. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Siku mbili baada ya email yangu kiti kilipatikana, nacho kikapewa aliyekuwa nyuma yangu, naye amekubali. Mwaka ule hakukuwa na kingine.

Na mnajua nilifanya nini? Ulimi wangu ukaanza wenyewe: nakushukuru sana mama, mambo yote ni kwa qadari, sitaki kukuchukulia muda.

Khadija akanifinya.

"Uliza," akasema kwa sauti ya chini. "Usiondoke. Uliza."

Nikauliza. Niliuliza kama naweza kuomba tena. Akasema faili langu lipo, linaweza kufunguliwa upya. Niliuliza kama kliniki itaendelea mwaka unaofuata, akasema itaendelea. Niliuliza kama naweza kumwandikia mwalimu wa hiyo kliniki, akanipa njia ya kumpata. Kila nikitaka kuaga, mkono wa Khadija uko pale pale kwenye ubavu wangu. Nilitoka kwenye simu ile na alama, lakini nilitoka na majibu.

Wadhamini walimpa nafasi mtu mwingine, kama walivyosema. Wameniambia nishindane upya kama watu wote. Sina la kuwalaumu.

Yule mwalimu wa kliniki nilimwandikia. Nilimweleza habari ya viatu vya Siyu, akanijibu kwa maelezo ya kina, na akanielekeza mahali pa kusoma. Kwa hiyo swali la Bi Mwanaisha nimelijibu hatimaye: kwa mnunuzi yule, kushona hapa hakutoshi, lazima na ngozi iwe imetengenezwa hapa. Nilivuka mwenyewe hadi Siyu kumwambia. Akasema, "Nalikwambia twangoja."

Mwaka huu nimeomba vyuo vinne kwa siku moja. Ami Athman hajui, na atakayemwambia kati yenu nitamshtaki.

Kimoja kimeshanikataa. Kimeandika hapana wazi wazi, kavu, bila kahawa wala halua. Wiki iliyopita kile cha mji mkuu nacho kimejibu, na msicheke: waitlist. Safari hii nilisoma aya zote. Nikawaandikia kwamba nipo, nataka kuja, na nitauliza tena wiki ijayo. Khadija alipitia ile email kabla haijaondoka, akafuta neno qadari mara mbili. Matokeo siyajui. Kila siku nafungua simu kabla hata ya kahawa, na sijisikii mwenye heshima hata kidogo.

Nilichojifunza hakihusu LLM peke yake. Kile nilichokiita adabu, sehemu yake kubwa ilikuwa woga. Niliogopa kukataliwa, ndiyo maana nilipoona upenyo wa kuondoka kabla ya jibu niliukimbilia, kisha nikauvisha kilemba.

Wenye uzoefu wa kuvuka waitlist za vyuo vya Marekani, hasa LLM za biashara, nipeni maarifa: mnawaandikia kila baada ya muda gani kabla hamjawa kero? Waliosoma kliniki za namna hii nao waseme kama zinafaa kweli au ni brochure tu. Na wenye kunicheka, chekeni, nimeanza mimi.

Ila kama yupo kijana humu aliyeambiwa "subirini" na nyumba fulani, na wazee wake wakamwambia hiyo ni hapana ya kistaarabu, nakuomba ndugu yangu, rudi ukaulize. Huenda mle ndani kuna mtu hawezi kusema kitu, na kila siku anasikia mama yake akiuliza kama mmeshakuja.